Nani amsaidie mwalimu wa Kikatiti?

Barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Moshi hupita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai kabla ya kufika Kikatiti. Si mwendo mrefu, na katika kipande hicho cha barabara kuna kitu ambacho halmashauri nyingi za Tanzania hazina: Chuo cha Ualimu Patandi, kilichoko Tengeru, kinachojulikana nchi nzima kwa kuandaa walimu wa elimu maalum. Walimu hutoka mikoa ya mbali kuja hapo kujifunza nukta nundu, lugha ya alama na namna ya kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji, kisha wakihitimu hutawanyika nchini. Kwa kutazama ramani tu, mwalimu wa darasa la pili pale Kikatiti hana sababu ya kuwa mpweke. Tatizo ni kwamba utaalamu huu umejengewa njia ya kuelekea kwenye shule maalum na vitengo vya elimu maalum. Darasa la kawaida, ambamo sera inataka watoto wote wakae pamoja, limeachiwa miongozo, vitabu na moyo wa mwalimu mwenyewe. Ninachodai hapa ni kimoja: kinachopungua zaidi katika darasa jumuishi ni mtu anayejua kazi hii, anayefika shuleni mara kwa mara na kukaa na mwalimu wakimtazama mtoto yule yule. Zana zinahitajika, tena sana, lakini zikikosa mtu huyo huishia kabatini.

Kwanza tujue tunazungumzia watoto gani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Sensa ya 2012 ilikuwa imetaja asilimia 9.3. Hawa ni watu wa rika zote, na wazee huongeza idadi, kwa hiyo mtu asichukue kiwango hicho akakipachika darasani kama kilivyo. Bado takwimu zinatosha kutuonya kwamba ulemavu si jambo la mtoto mmoja wa ajabu katika kata. Na Meru, halmashauri iliko Kikatiti, ina sura yake. Miamba na udongo wa volkano unaouzunguka Mlima Meru una madini mengi ya floraidi, na mito na visima vya ukanda wa Maji ya Chai, Ngarenanyuki na vijiji vya jirani vinajulikana kwa hilo tangu miongo mingi iliyopita. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiwango cha juu zaidi kwa sababu maji mbadala hayakuwepo. Matokeo ya kwanza kila mtu anayaona: meno ya kahawia. Ya pili ni mazito zaidi. Mtoto aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi tangu akinyonya kidole anaweza kupata ulemavu wa mifupa, miguu ikapinda matege au magoti yakagongana. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kilichosambaza ujuzi wa kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mtoto wa matege huenda akasoma vizuri kuliko wenzake wote, akashindwa na vitu viwili tu: umbali wa kutembea hadi shuleni na choo cha kuchuchumaa. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nchi nzima hauwezi kumtabiri mtoto huyu wa Meru. Mtu anayelijua eneo humtambua siku ya kwanza.

Ongeza na wale ambao hakuna anayewaita walemavu. Kuna mtoto anayeingia shule akiwa amezoea Kimeru au Kimaasai, akakutana na Kiswahili cha kitabuni kwa mara ya kwanza. Kuna mwenye sikio linalotoka usaha kila msimu wa baridi, anayesikia leo na kesho hasikii. Kuna mwenye ualbino ambaye kuona kwake ni hafifu na mwanga wa dirishani unamchoma macho, lakini kakalishwa pale pale dirishani kwa sababu panaonekana pana nuru. Wote hawa wakishindwa kusoma hupewa jina moja la mitaani, "mzito", na jina hilo likishabandikwa hakuna anayeuliza tena sababu.

Ahadi hazijakosekana. Nchi ilianza na shule za madhehebu, Buigiri ya wasioona mwaka 1950 na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963, na baadaye Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam ikawaweka wasioona na wanaoona chini ya paa moja. Mwaka 1998 majaribio ya elimu jumuishi yakafanyika Temeke. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na tangu hapo mikakati ya taifa ya elimu jumuishi imefuatana mmoja baada ya mwingine. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 madarasa yalifurika, na pamoja na wengine waliingia watoto ambao zamani walifichwa nyumbani. Hilo ni jambo jema kwa kila kipimo. Lakini aliyeachiwa kazi ya kuligeuza jambo jema kuwa somo linaloeleweka ni mwalimu yule yule, na chaki yake ile ile.

Amepewa nini? Si haki kusema hajapewa kitu. Taasisi ya Elimu Tanzania huchapa vitabu vya kiada kwa maandishi makubwa na kwa nukta nundu, na ina maktaba mtandao ambayo mwalimu anaweza kuifungua kwa simu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimefanya kazi ya miaka mingi ya kukusanya alama na kuziweka katika kamusi. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum: dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Baada ya sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu, na vifaa vya aina hiyo huwa na uwezo wa kukuza maandishi na hata kusoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo. Vipo pia vipimo visivyogharimu chochote. Maswali mafupi ya Kundi la Washington, ambayo sensa nyingi duniani huyatumia, huuliza kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia na kuwasiliana. Mwalimu anaweza kuyapitia kwa mtoto mmoja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Sasa tuchukue kifaa kimoja tukitazame kwa karibu. Kibao cha kuandikia nukta nundu ni kitu rahisi, vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, cha juu kina vidirisha na cha chini kina vishimo sita kwa kila kidirisha. Karatasi nene huwekwa katikati, na mtoto hutoboa kwa kalamu yenye ncha butu. Lakini nundu hutokea upande wa pili wa karatasi, kwa hiyo mwandishi huanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi huiandika kinyume, ndipo akiigeuza karatasi aisome kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu ambaye hajawahi kuonyeshwa jambo hili akipewa kibao na kijitabu cha maelezo, atajaribu, atamwona mtoto "anaandika kinyume", atamsahihisha, na wote wawili watakata tamaa ndani ya juma moja. Mashine ya Perkins, yenye vibonye sita vya nukta, haina tabu hiyo ya kugeuza kwa sababu nundu huinukia juu, lakini ni nzito kwa mtoto kuibeba nyumbani, na kibonye kimoja kikikwama herufi zote zinazokitegemea hupotea. Nani atakifungua? Barua ikiandikwa halmashauri, mashine itakaa ofisini kwa mwalimu mkuu ikisubiri fundi, na mtoto atarudi kusikiliza tu.

Kuna ushahidi wa hapa hapa nyumbani unaoonyesha pengo hili kwa takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwachukua wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam waliokuwa na tatizo la kuona linalorekebishika kwa miwani. Kundi moja lilipewa miwani bure, la pili likaandikiwa tu cheti cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa bure ndio waliokuwa wakiitumia, na asilimia 26 ya walioandikiwa cheti. Takwimu hizi husomwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba kutoa bure kunasaidia, karibu mara mbili, na ni kweli. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika shule za msingi huko China na kuchapishwa mwaka 2014 yalionyesha pia kuwa miwani ya bure hupandisha alama za hesabu. Ya pili hupuuzwa: hata pale ambapo kifaa kilifika mkononi bila senti moja, zaidi ya nusu ya wanafunzi hawakukitumia. Miwani haina maelekezo magumu. Ikiwa kifaa rahisi kiasi hicho kinashindwa kuvuka kutoka mfukoni hadi usoni, kwa aibu, kwa kuchekwa, kwa mzazi kuamini kwamba itaharibu macho, basi vifaa vinavyohitaji ujuzi vina safari ndefu zaidi. Na anayeweza kuifupisha safari hiyo ni mtu wa kumrudia mtoto wiki ya pili na kuuliza: mbona hukuivaa?

Mtu huyo si ndoto. Tangu miaka ya 1990 Tanzania imekuwa na walimu wa kuzunguka, waliopewa mafunzo ya kuwahudumia wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu katika shule za kawaida, wakiwatembelea kwa pikipiki au baiskeli. Wao huzungumza na mzazi, huwapeleka watoto kliniki ya macho, humfundisha mtoto nukta nundu na kumwelekeza mwalimu wa darasa. Kenya nayo ilianza mwaka 1984 kuanzisha vituo vya upimaji na nyenzo za elimu wilayani, kwa msaada wa Denmark, ili mtoto apimwe karibu na kwao na shule ipate ushauri. Udhaifu wa mipango hii yote unajulikana: mwalimu wa kuzunguka alibaki na vipindi vyake vya kawaida shuleni kwake, akazunguka kwa muda wa ziada, mafuta yakategemea mfadhili, na mara nyingi alihudumia ulemavu wa aina moja tu. Sioni kwamba udhaifu huo unapinga wazo lenyewe. Unaonyesha tu kwamba kazi ya kudumu ilijengwa juu ya fedha za kupita.

Zanzibar, ambako huiita elimu mjumuisho, ilichukua njia inayofaa kutazamwa. Jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ilishirikiana na wizara na wenzao wa Norway kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, wazazi wakiwa ndani ya mpango badala ya kuitwa mwisho kusaini fomu. Baadaye walimu wa visiwani walishiriki, pamoja na wenzao wa Zambia, katika kutengeneza mafunzo na filamu fupi zinazoonyesha madarasa halisi, yenye madawati yao na msongamano wao. Mwalimu anayemwona mwalimu mwenzake wa Kiafrika, mwenye watoto wengi mbele yake, akipanga upya viti ili kiziwi aone midomo, huamini haraka kuliko akisoma kitabu kilichoandikwa kwa darasa la watoto kumi na wanane.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza huingia, na lina uzito wake. Kiwango rasmi cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa, na kila mtu anajua kwamba darasa la sabini au zaidi si habari. Mwalimu anasema: hata mkiniletea mtaalamu, mimi nitampa nani dakika zangu? Jibu si kumwambia ajitahidi. Ni kutofautisha mambo yanayohitaji dakika na yanayohitaji uamuzi wa mara moja. Kumhamisha mwenye ualbino kutoka dirishani hadi mbele, mahali penye kivuli, ni uamuzi wa mara moja. Kuusoma kwa sauti kila mstari unaoandikwa ubaoni hakuongezi kazi, na kunamsaidia asiyeona mbali, anayejifunza Kiswahili na yule aliyekuwa ameduwaa. Kupaka ubao uliopauka rangi nyeusi upya kunawafaa wote sabini. Kumuunganisha mwenye matege na wenzake wawili wa njia moja, na kuweka kiti chenye tundu katika choo kimoja, ni kazi ya mchana mmoja ya fundi seremala. Mtaalamu akifika, kazi yake ya kwanza ni kuichambua orodha hiyo kwa darasa hilo mahususi. Mambo machache yatakayobaki, kama kumfundisha mmoja nukta nundu, ndiyo yatakayodai dakika, na hayo hayawezi kubebwa na mwalimu wa darasa peke yake katika darasa la ukubwa wowote. Ukubwa wa madarasa ni tatizo la kupiganiwa kwa haki yake. Kulifanya sharti la kwanza ni kumwambia mtoto wa leo asubiri majengo ya mwaka ujao.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu ninaowaheshimu zaidi, nao ni viziwi wenyewe. Wengi wao husema shule maalum iliwapa kitu ambacho darasa jumuishi haliwezi: lugha. Mtoto kiziwi aliye peke yake katikati ya wanaosikia hukaa miaka saba akinakili ubao bila kuzungumza na mtu. Wanasema kweli, na Mkataba ule ulioridhiwa mwaka 2009 unalikubali hilo. Kifungu cha 24 kinataka viziwi, wasioona na viziwi wasioona wasomeshwe katika lugha na mazingira yanayowakuza kitaaluma na kijamii. Kwa hiyo siungi mkono ujumuishi wa kumtupa kiziwi mmoja mmoja katika kila shule ya kata. Viziwi wa eneo moja wakusanywe katika shule moja yenye walimu wa lugha ya alama, kwa kitengo au kwa darasa la pamoja, na wanaosikia wa shule hiyo wajifunze alama pia. Lakini nani atamgundua kiziwi wa miaka mitano kijijini, amtofautishe na mwenye usaha sikioni anayehitaji daktari tu, na amweleze mama yake kuwa kuna shule? Ni mtu yule yule anayezunguka. Hata wenye kutetea shule maalum wanamhitaji, maana watoto wengi hufika huko wakiwa wamechelewa sana kuipata lugha yao ya kwanza.

La tatu ni fedha. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imekadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Shule haiwezi kumwajiri mtu kwa fedha hiyo, wala haipaswi. Lakini tuangalie Serikali imekwisha kuamini nini. Mwaka 2018 iligawa pikipiki kwa waratibu elimu kata, kwa sababu ilitambua kwamba msimamizi asiyefika shuleni hasimamii kitu. Mantiki hiyo hiyo inamhusu mwalimu wa elimu maalum. Mshahara wake tayari unalipwa mahali fulani. Kinachobadilika ni mahali pa kazi, badala ya shule moja awe na kundi la shule za kata mbili au tatu, pamoja na mafuta yaliyomo katika bajeti ya halmashauri na si katika mradi.

Wapo wanaoweka matumaini kwenye simu na vishikwambi, kwamba mwalimu atajifunza yote mtandaoni. Sipuuzi njia hiyo. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yamewapa walimu moduli za kusoma na, lililo bora zaidi, yamewapa muda wa kukaa pamoja katika jumuiya za kujifunza shuleni. Muda huo ni mali. Ila moduli husema "mwanafunzi mwenye uoni hafifu", na mwalimu ana mtoto mmoja mwenye jina, anayeinamisha shingo upande akisoma. Wakati wa kikao hicho akiwepo mtu wa kusema "hebu tumtazame huyu", moduli hupata kazi ya kufanya.

Ndiyo maana Kikatiti inanishawishi kuwa mahali pa kuanzia. Patandi ipo kwenye barabara ile ile, na wanachuo wake wanahitaji mahali pa mazoezi ya kufundisha. Wakipelekwa kwenye shule zenye vitengo peke yake, watahitimu wakijua vitengo. Sehemu ya mazoezi hayo ifanyike katika shule za kawaida za Kikatiti, King'ori na Maji ya Chai, wawili wawili, chini ya mkufunzi na mwalimu wa darasa, na kazi yao ya kwanza iwe kuyapitia yale maswali ya Washington kwa kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili. Hospitali ya KCMC iliyoko Moshi, yenye idara ya macho inayojulikana ukanda wote, si mbali kwa wale watakaohitaji kupimwa. Halmashauri ya Meru iwape walimu wawili wenye stashahada ya elimu maalum jukumu la kuzunguka, lililoandikwa katika barua zao za kazi, na maafisa elimu kata wawapangie ratiba. Na kitu kimoja kidogo kisiachwe: daftari la mtoto, ukurasa mmoja wa kila anayehitaji msaada, ulioandikwa akae wapi, asomewe vipi, nini kilijaribiwa kikashindikana. Sasa hivi maarifa hayo hukaa kichwani mwa mwalimu mmoja, na uhamisho ukija Januari yanaondoka naye. Daftari likabidhiwe kwa mwalimu wa darasa la tatu kwa sahihi, kama zinavyokabidhiwa funguo za stoo.